Rubani wa Chopa ya Wagonjwa: Nani Atalipia Saa za Katikati?

Kila video ya helikopta ikimtoa mpandaji mgonjwa kambi ya Barafu, Kilimanjaro, inapozagaa, vijana huuliza lilelile: mtu anafikaje kwenye kiti kile? Majibu wanayopewa hugongana. Mmoja anasema bila jeshi usahau. Mwingine anashauri wazazi wauze shamba, mtoto aende Afrika Kusini au Florida, arudi na leseni. Wa tatu anasema madaktari warukao wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wanatumia ndege za mabawa, kwa hiyo helikopta ni ndoto ya filamu. Wa nne anashikilia kwamba lazima uwe daktari kwanza.

Kila jibu lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana mkanganyiko hauishi. Kasoro yao ya pamoja ni kusimama kwenye leseni, au kabla yake. Ugumu wa kazi hii uko kati ya siku unayokabidhiwa leseni na siku unayokabidhiwa mgonjwa, na katikati hapo kuna saa nyingi za kuruka ambazo lazima mtu fulani azilipie. Anayechagua njia bila kumjua mlipaji huyo anacheza bahati nasibu ya bei kubwa.

Kazi yenyewe

Helikopta ya majeruhi ilikomaa vitani. Korea, miaka ya mwanzo ya 1950, Bell 47 zilibeba majeruhi kwenye machela zilizofungwa nje. Vietnam, Huey ziliwaingiza ndani pamoja na mhudumu. Raia wakafuata. Munich, helikopta ya Christoph 1 ilianza kazi tarehe 1 Novemba 1970 ikiwa na daktari ndani. Hospitali ya St. Anthony ya Denver ikaanzisha huduma yake 1972. London ikapata yake 1989. Afrika Mashariki ilikuwa imewatangulia kwa namna yake: mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliasisi huduma iliyozaa AMREF, shirika la wale madaktari warukao. Ila wao walitegemea ndege za mabawa, na tofauti hiyo bado ina uzito.

Zamu kwa kawaida ni saa 12, na sehemu kubwa yake ni kungoja. Simu ikilia, rubani ana dakika chache za kuamua jambo moja: twende au tusiende. Anaangalia hewa ya hapa, ya kule na ya njiani, uzito wa watu, wa mafuta na wa mgonjwa ambaye hajamwona, na mahali pa kugeukia mambo yakiharibika.

Kisha kuna kutua. Tuseme ni uwanja wa mpira wa shule ya msingi kijijini. Rubani anauzunguka kwanza akitafuta umeme. Waya hauonekani mpaka uwe karibu mno, kwa hiyo anatafuta nguzo, halafu anauchora waya kichwani kutoka nguzo hadi nguzo. Moshi wa jikoni au nguo zilizoanikwa zinamwambia upepo unatoka wapi. Mabati ya madarasa nayo anayachunguza, maana upepo wa rota unaweza kung'oa bati lililolegea, na kipande kikiruka hadi rota ya mkiani safari imekwisha. Mita za mwisho vumbi linaifunika ardhi yote, naye anatua akiwa amekazia macho jiwe moja au kichaka kimoja pembeni. Wakati huohuo umati wa watoto unakimbilia upande wa mkia, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba rota ile ndogo ikizunguka haionekani.

Mlimani kuna hesabu nyingine. Kambi ya Barafu iko kwenye mita 4,600 na ushei. Hewa ya huko haifiki theluthi mbili ya uzito wa hewa ya Mombasa. Rota hushika kidogo, injini hupumua kwa shida. Rubani hupanda na mafuta ya safari hiyo na akiba yake, basi, na kila kilo isiyo na kazi huachwa chini.

Hatari zake si za kinadharia. NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, ilichambua ajali 55 za ndege na helikopta za matibabu zilizotokea kati ya Januari 2002 na Januari 2005 na kuua watu 54, ikahitimisha kwamba 29 kati yake zingeweza kuzuiliwa. Kisa kinachojirudia ni usiku na mawingu: rubani anayeruka kwa macho anajikuta ndani ya ukungu, sikio la ndani linamdanganya, helikopta inainama bila yeye kuhisi. Jaribio la Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954 liliwaweka marubani 20 wa ndege ndogo, wasiozoea kuruka kwa kusoma vyombo vya ndani, katika hali kama hiyo. Wote walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Baada ya mwaka 2008, uliokuwa mbaya kuliko yote kwa huduma hizi Marekani, mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilitoa kanuni mpya mwaka 2014: vifaa vya kuonya kuhusu ardhi iliyo mbele, kipimo cha redio cha kimo, na rubani mwenye cheti cha kuruka kwa vyombo. Kwetu, Agosti 2025 ndege ya matibabu iliyoondoka Wilson kwenda Hargeisa ilianguka Mwihoko, nje ya Nairobi, na Desemba mwaka huohuo helikopta ya uokoaji ikaanguka Kilimanjaro na kuua watu watano.

Ukuta wa saa

Viwango vya kimataifa vinampa mtu leseni ya biashara ya helikopta akiwa na saa takriban 150. Kwa leseni hiyo anaruhusiwa kulipwa. Kuajiriwa kubeba wagonjwa ni jambo jingine. Kanuni za Ulaya kwa safari za dharura za matibabu zinaanzia saa 1,000. Marekani, matangazo mengi ya kazi kwa miaka mingi yamedai takriban saa 2,000, nyingi kati yake akiwa kiongozi wa chombo, na sehemu kwenye injini ya tabaini, ingawa uhaba wa marubani umewafanya baadhi ya waajiri walegeze.

Vijana wengi huona huo ni ubaguzi wa wazee dhidi ya wapya. Ukiichunguza kazi utaona mantiki yake. Kituo kisicho na shughuli nyingi kinaweza kumaliza zamu nzima bila injini kuwashwa. Kwa hiyo kazi hii hailei saa. Inakula zile ulizokuja nazo. Rubani wa utalii Maasai Mara hutua na kuruka mara nyingi kwa siku katika hewa nzuri, kwenye viwanja anavyovijua, na akikosea kidogo kesho atajirekebisha. Rubani wa wagonjwa anaruka mara chache, kila mara mahali papya, mara nyingi usiku, naye hana wa kumuuliza. Mtu wa saa 200 hapaswi kujifunzia hapo, na wenye bima wanalijua hilo kuliko wote.

Sasa hesabu. Anayeruka saa 400 kwa mwaka atatoka 150 hadi 2,000 kwa miaka minne na nusu hivi. Hiyo ni kama kuna mtu anayemrusha saa 400 kwa mwaka. Na kanuni za kimataifa zinamzuia rubani anayeruka peke yake kubeba abiria kibiashara akishatimiza miaka 60, kwa hiyo anayeanza na miaka 35 hana muda wa kuzurura.

Jeshi na polisi

Wanaotetea njia hii wana hoja nzito: serikali inalipa kila kitu, kuanzia darasa hadi mafuta, na mafunzo yanagusa palepale kazi ya wagonjwa inapouma, yaani usiku, kuruka kwa vyombo, kutua mahali pabaya, kufanya kazi na wenzako ndani ya chombo. Huduma za Marekani zilijengwa kwa sehemu kubwa na marubani waliorudi Vietnam. Hata Mwanamfalme William, aliyefanya kazi East Anglian Air Ambulance kuanzia 2015 hadi 2017, alifika hapo akitoka kwenye helikopta za uokoaji za jeshi la anga la Uingereza, na bado ilimbidi asomee leseni ya kiraia.

Upande wa pili haupendwi kusemwa. Unajiunga na jeshi kuwa askari; urubani ni jambo ambalo wakubwa watakupa au watakunyima. Unaweza kuomba helikopta ukapangiwa uhandisi. Deni la utumishi ni refu: jeshi la nchi kavu la Marekani tangu 2020 linadai miaka 10 baada ya mafunzo. Kwetu nafasi ni chache na ushindani ni mkali, na bajeti ikibana saa za kuruka hubanwa nazo. Kuna pia jambo ambalo ushauri wa mitaani hulipita kimya: rubani wa jeshi hutumwa penye risasi. Anayetaka kuokoa watu tu, na hataki lolote lingine la kijeshi, ajiulize mapema.

Kujilipia

Hii ndiyo njia inayotangazwa sana, kwa kuwa ndiyo yenye muuzaji. Unasoma kwenye helikopta ndogo ya Robinson R22 au R44, unalipa kwa saa, na gharama ya jumla hufika makumi ya maelfu ya dola. Uhuru wake ni wa kweli. Unachagua nchi, unaanza ukiwa tayari, huna deni la utumishi, na mwenye fedha anaweza kumaliza ndani ya miaka miwili.

Shida huanza siku ya mahafali. Marekani ngazi inajulikana: mhitimu anakuwa mwalimu, anakusanya saa kwa kufundisha wengine, anahamia kwenye utalii kama ule wa Grand Canyon, kisha kwenye mafuta ya baharini au kwa wagonjwa. Yaani saa za mwalimu zinalipiwa na mwanafunzi wake. Ngazi hiyo inasimama kwa sababu shule ni nyingi. Kenya na Tanzania shule za helikopta zinahesabika, kwa hiyo kiti cha mwalimu ni adimu. Kijana anayesoma Marekani kwa viza ya masomo ya ufundi haruhusiwi kubaki akifundisha kwa miaka. Muda wake wa kazi ya mazoezi ni wa miezi. Anarudi nyumbani na saa 200, anafanya taratibu za kubadili leseni, halafu anakuta waajiri wanataka mtu wa 1,000.

Wapo waliopenya. Chopa zetu huwa na shughuli nyingi msimu wa kampeni, wanasiasa wanapozikodi kwenda mikutano minne kwa siku. Nzige walipovamia mwaka 2020, ndege na helikopta zilihitajika kuwasaka na kuwanyunyizia dawa. Hifadhi za wanyama zinaruka kuhesabu na kulinda, watalii wanaruka Turkana na Suguta. Lakini kazi hizi huja na kuondoka kwa misimu, na mwenye helikopta humkabidhi anayemjua. Mgeni wa saa 200 huanza kwa kuosha vioo na kupanga nafasi za abiria, akingoja safari tupu ya kurudisha chombo. Wengine wanangoja mpaka saa zao zinachakaa, na kuzifufua ni fedha nyingine.

Kuanza na mabawa

Kundi la tatu linasema kijana atazame palipo na kazi. Kikosi cha madaktari warukao kimejengwa juu ya ndege kama Pilatus PC-12, inayotua kwenye uwanja wa udongo, ina kebini yenye hewa ya shinikizo, na inaweza kwenda Juba au Mogadishu na kurudi. Saa za ndege ndogo ni nafuu kuliko za helikopta, na Afrika Mashariki kuna ndege nyingi za Caravan zinazopeleka watalii Mara, Serengeti na Zanzibar. Anayeanza kama rubani msaidizi hapo anapata saa kwa mshahara wa mwajiri.

Udhaifu wake ni kwamba si helikopta. Saa za mabawa hazihesabiwi moja kwa moja kuwa saa za rota, na mikono inajifunza upya. Pia ndege inahitaji uwanja: mgonjwa wa ajali ya barabarani lazima kwanza abebwe kwa gari hadi ilipo. Anayependa helikopta kwa ajili ya helikopta hataridhika. Ila vijana wengi wanaosema wanataka kuwa rubani wa kuokoa maisha hawajawahi kutenganisha mapenzi hayo mawili, na wanapaswa kuyatenganisha kabla ya kulipa ada.

Na udaktari?

Hapa jibu ni fupi. Aliyefanya watu waamini kwamba ni kazi moja ni Anne Spoerry, daktari mzaliwa wa Ufaransa aliyejifunza urubani na kuzunguka kliniki za mbali Kenya kwa miongo kadhaa, hadi kifo chake mwaka 1999. Zilikuwa ziara za kliniki kwa ndege ya mabawa. Huduma za dharura za leo zinatenganisha vyeo hivyo kwa makusudi. Katika nyingi rubani haambiwi mgonjwa ni nani wala hali yake mpaka awe ameamua kuruka, ili huruma isiusukume mkono wake kuingia ukunguni. Kuna pia desturi kwamba timu nzima ikubali ndipo waondoke; mmoja akikataa, hajadiliwi. Desturi hizi zina mipaka, hasa kijijini ambako mama wa mtoto ndiye aliyepiga simu, lakini zimewekwa kwa gharama ya damu. Cheti cha huduma ya kwanza kinamsaidia rubani. Miaka ya chuo cha tiba haimkaribishi kwenye kiti.

Anayelipa ndiye anayeamua

Ajira za kudumu za rubani wa chopa ya wagonjwa hutokana na mtu anayelipia helikopta hata isiporuka. Ujerumani gharama hiyo inabebwa zaidi na bima za afya, chini ya waendeshaji kama ADAC. Uingereza, huduma nyingi zinategemea michango ya raia. Jimbo la Maryland lina helikopta za polisi zinazobeba majeruhi tangu 1970, zikichangiwa na ada inayotozwa kwenye usajili wa magari. Sehemu kubwa ya Marekani iliyobaki ni biashara: mwaka 2002 Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilibadili malipo yake, kampuni zikaongeza vituo haraka, na kazi za marubani zikaongezeka pamoja navyo. Wagonjwa ndio waliokamuliwa. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge, ilikuta bei ya kati ya safari moja ya helikopta mwaka 2017 ni takriban dola 36,400, na sheria ya kuwalinda wagonjwa dhidi ya bili za kushtukiza ilianza kutumika Januari 2022. Nepal nako, mwaka 2018, serikali ilichunguza uokoaji wa uongo uliofanywa ili kukamua bima za watalii. Rubani akilipwa na mfumo wa namna hiyo, kusema "hapana" kunakuwa kugumu zaidi, hasa pale hospitali inapokataliwa na kampuni moja kwa sababu ya hewa ikapigia nyingine bila kusema.

Afrika Mashariki analipa mgonjwa, bima yake, mwajiri au ubalozi, safari kwa safari. Kwa hiyo tulichonacho zaidi ni chopa za kukodi ambazo siku nyingine huitiwa mgonjwa. Hilo lina faida: rubani wake anaruka mara nyingi, mikono haishiki kutu. Hasara ni kwamba leo amebeba watalii, jana mwanasiasa, na machela imefungwa nusu saa iliyopita.

Je, serikali zetu zianzishe vituo? Kabla ya kusema ndiyo, utazamwe mpango wa m-mama wa Tanzania, ambako simu ya 115 humwitia mjamzito gari la wagonjwa, na likikosekana, dereva wa kijijini aliyesajiliwa hulipwa kumpeleka. Fedha za helikopta moja zinalipia safari nyingi mno za namna hiyo. Helikopta inajitetea pale barabara inapokatika: mlimani, kisiwani, kwenye mafuriko. Kwingineko hoja yake ni dhaifu kuliko picha zake, na kijana asipange maisha akitarajia kila mkoa utakuwa na chopa yake.

Kuzipima

Kwa mwenye miaka 18 hadi 22, afya njema na mfuko mtupu, jeshi au polisi bado ndiyo njia yenye mlipaji anayejulikana, mradi aukubali uaskari wenyewe. Mwenye fedha za leseni moja tu aanze na mabawa; hapo kati ya leseni na mgonjwa kuna ajira halisi, na rota inaweza kufuata baadaye. Kujilipia helikopta kunaeleweka kwa aliye na akiba ya kufika hadi ualimu, au ahadi ya maandishi ya mwajiri. Yeyote atakayelipa aiulize shule swali moja kabla ya kutoa ada: wahitimu wenu wa miaka mitano iliyopita wako wapi, na leo wana saa ngapi? Shule inayojibu kwa kuonyesha picha za sare imeshajibu.

Kanuni za Ulaya zina mlango mwingine ambao huku haujadiliwi vya kutosha: rubani msaidizi anaweza kukomaa ndani ya kazi yenyewe, saa zake zikilipiwa na huduma. Kwenye helikopta kubwa kidogo, zinazoruka nyanda za chini au pwani, kampuni za Nairobi na Dar es Salaam zingeweza kujaribu hivyo bila kungoja serikali, ikiwa bima zitakubali kulipa zaidi kwa marubani wawili. Mlimani haiwezekani. Pale Barafu kilo za rubani msaidizi ni kilo za mgonjwa, na mwenye helikopta ataendelea kumtafuta mtu aliyekwisha kuiva kwingine, kwa gharama ya mtu mwingine.